Panya, faji au hamira: ipi ikupatie kingamwili?

Una protini unayoilenga na unatafuta kingamwili ya kuishika, iwe kwa kipimo cha ugonjwa, kwa kusoma umbo la protini hiyo, au kama hatua ya kwanza kuelekea dawa. Njia zipo kadhaa, na kila maabara husifia ile iliyoizoea. Hapa nalinganisha nne: kumchanja panya na kutengeneza haibridoma, kutumia faji, yaani virusi vya bakteria, kutumia hamira iliyobebeshwa maktaba, yaani mkusanyiko mkubwa, ya kingamwili iliyokwisha kutengenezwa, na kutumia hamira iliyohandisiwa ili jeni ya kingamwili ibadilike yenyewe kila seli inapogawanyika. Hizi mbili za mwisho mara nyingi huhesabiwa kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu zinajibu mahitaji tofauti.

Swali ambalo karibu kila mtu huanza nalo ni ukubwa wa maktaba: nani ana kingamwili bilioni ngapi. Mimi ningeliweka la tatu. La kwanza ni hali ya antijeni yako, yaani ile protini unayoilenga, na la pili ni kile utakachoweza kukiona wakati wa kuchagua. Antijeni mbovu huzaa kingamwili mbovu kwa njia yoyote kati ya hizi nne, tena huzizaa kwa wingi.

Vigezo nitakavyovitumia

*Antijeni.* Unayo kiasi gani, ni safi kiasi gani, na je, imebaki katika umbo lake la kufanya kazi? Kuna protini tulivu zinazovumilia karibu kila kitu, na kuna zile za kwenye utando wa seli zinazosambaratika mara tu ukizitoa mahali pake.

*Chanzo cha aina.* Kingamwili za kuchagulia zinatoka wapi, ni ngapi, na mabadiliko mapya yanaingiaje baada ya hapo.

*Unachokiona.* Wakati wa kuchagua, unapata kipimo cha kila kingamwili, au unapata tu zile zilizobaki baada ya kuosha?

*Ubora.* Je, kingamwili imekunjwa vizuri, ni thabiti, na inashika lengo peke yake bila kunata kwenye kila kitu?

*Muda na vifaa.* Hapa nahesabu pia mikono stadi, maana mashine bila mtu anayeijua ni samani.

Panya na haibridoma

Georges Köhler na César Milstein walichapisha njia hii mwaka 1975 wakiwa Cambridge, na mwaka 1984 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Panya anachanjwa, dozi inarudiwa, kisha seli B za wengu lake, zile zinazotengeneza kingamwili, zinaunganishwa na seli za saratani aina ya myeloma. Seli chotara inayotokea hutoa kingamwili ya aina moja na huendelea kugawanyika bila kuchoka.

*Antijeni.* Panya hachagui sana usafi. Unaweza kumchanja hata seli nzima. Tatizo ni kwamba ukishamchoma sindano, antijeni haiko tena mikononi mwako. Inakaa katika joto la mwili, inakutana na vimeng'enya, na umbo ulilolitaka huenda lisidumu. Sumu inaweza kumuua kabla hajatoa kingamwili. Na protini inayofanana mno na ya panya mwenyewe huonekana na kinga yake kuwa mali ya nyumbani, hivyo jibu huwa hafifu au halipo kabisa.

*Chanzo cha aina.* Hapa ndipo nguvu ya panya ilipo. Ndani ya seli B, kimeng'enya kiitwacho AID hubadilisha jeni za kingamwili kwa kasi ya takriban badiliko moja kwa kila besi (herufi za DNA) 1,000 katika kila mgawanyiko, na seli zenye mshiko bora hupewa nafasi ya kuendelea. Hakuna aliyepanga maktaba, mwili unajitafutia. Lakini uboreshaji huo una dari. Foote na Eisen walikadiria mwaka 1995 kuwa iko karibu na pikomola 100 (mshiko hupimwa kwa mkolezo wa antijeni unaotosha kushikwa na nusu ya kingamwili, hivyo namba ndogo ni mshiko mkali): seli B humeza antijeni upesi kiasi kwamba kingamwili inayoishikilia muda mrefu zaidi ya hapo haina faida ya ziada.

*Unachokiona.* Kidogo, tena mwishoni. Huwezi kumwagiza panya atengeneze kingamwili inayoshika protini hii na kuiacha ndugu yake. Unasubiri, kisha unachuja kwa ELISA, kipimo cha kuona kama kingamwili imeshika, kisima kimoja baada ya kingine, ukitumaini kwamba unayoitaka imo.

*Ubora.* Kwa kuanzia, ni mzuri sana. Mnyororo mzito na mwepesi, vipande viwili vinavyounda kingamwili, vimekuja pamoja kutoka seli moja, na mwili umekwisha kukataa zile zinazoshambulia tishu zake. Kasoro yake ni kwamba ni kingamwili ya panya. Muromonab-CD3, dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani mwaka 1986, ilifanya wagonjwa watengeneze kingamwili dhidi yake. Siku hizi sehemu kubwa ya protini hubadilishwa iwe ya kibinadamu, au hutumika panya waliowekewa jeni za kingamwili za binadamu; panitumumab, iliyoidhinishwa mwaka 2006, ilitoka kwa panya wa namna hiyo.

*Muda na vifaa.* Wiki nyingi hadi miezi. Unahitaji nyumba ya wanyama, kibali cha maadili na mtu anayejua kulea seli. Mashine zenyewe si za ajabu.

*Inamfaa nani.* Mwenye antijeni tulivu isiyofanana na protini za panya, asiye na haraka, na anayetaka kingamwili kamili ya kutumia kwenye vipimo bila kuigusa tena. Dawa nyingi za kingamwili zilizoko sokoni zilianzia kwa mnyama, na si kwa bahati.

Faji

Mwaka 1985 George Smith alionyesha kwamba faji nyembamba kama uzi inaweza kubeba kipande cha protini ngeni kwenye uso wake huku jeni ya kipande hicho ikiwa ndani yake. Mwaka 1990 John McCafferty, Greg Winter na wenzao walibebesha faji kipande cha kingamwili kinachoshika antijeni. Smith na Winter waligawana nusu ya Nobel ya Kemia mwaka 2018. Nusu nyingine ilikwenda kwa Frances Arnold. Adalimumab, iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2002, ni tunda la njia hii.

*Antijeni.* Unachanganya faji na antijeni, unaosha zisizoshika, unakuza zilizobaki na kurudia; kila marudio ni raundi. Kila kitu kinafanyika kwenye mrija, kwa hiyo kimiminika, joto na chumvi ni uamuzi wako. Ukitaka kingamwili inayoshika protini ikiwa imefungwa na dawa fulani, unaiweka hiyo dawa. Ukitaka isishike protini ndugu, unaimwaga hiyo protini ndugu kwa wingi kama mshindani. Angalizo moja: kubandika antijeni moja kwa moja kwenye plastiki kunaweza kuifungua, na ukavuna kingamwili za protini iliyoharibika. Kuiwekea biotini, kishikizo kidogo cha kemikali, na kuivuta kwa shanga za sumaku ni salama zaidi.

*Chanzo cha aina.* Maktaba zina kati ya bilioni 1 na bilioni 100 za kingamwili tofauti, na mililita moja ya faji inaweza kubeba chembe trilioni 1 au zaidi, hivyo maktaba nzima pamoja na nakala zake inaenea kwenye mrija mmoja mdogo. Kwa wingi, hakuna hapa anayefika. Mabadiliko mapya hayaji yenyewe. Ukitaka kuboresha, unatengeneza maktaba nyingine.

*Unachokiona.* Unahesabu faji kwa makoloni ya bakteria zilizowaambukiza: zilizoingia ngapi, zilizotoka ngapi. Basi. Kama hesabu inapanda kutoka raundi moja hadi nyingine unafurahi, lakini kupanda huko kunaweza kuwa kwa faji zinazoshika plastiki, au zinazoshika streptavidini (protini inayonasa biotini), au zilizopoteza kingamwili zao na sasa zinazaana haraka kuliko wenzao. Ukweli unaujua baadaye, unapochukua koloni mojamoja na kuipima.

*Ubora.* Kipande cha kingamwili kinakunjwa na bakteria E. coli, ambaye hana ukaguzi mkali kama wa seli zenye kiini. Vipande vidogo vinatoka vizuri. Kingamwili nzima ni shida. Kingamwili iliyoonekana hodari kwenye faji inaweza, ikishageuzwa kuwa nzima, kutoka kidogo au kugandana.

*Muda na vifaa.* Raundi tatu au nne, kila moja siku moja au mbili, na vifaa vya kawaida vya mikrobiolojia. Unaweza kuchuja kwa antijeni nyingi sambamba, kwenye sahani ya visima 96. Kwa maabara isiyo na mashine za bei kubwa, huu ndio mlango ulio wazi zaidi.

*Inamfaa nani.* Anayeanza bila kingamwili yoyote, mwenye malengo mengi kwa mpigo, au mwenye antijeni yenye sumu.

Hamira yenye maktaba

Eric Boder na Dane Wittrup waliichapisha njia hii mwaka 1997 kutoka Chuo Kikuu cha Illinois. Hamira ni ileile ya mikate, Saccharomyces cerevisiae. Ina protini mbili, Aga1 na Aga2, inazozitumia kushikana na mwenzake wakati wa kujamiiana. Aga1 imetia nanga kwenye ukuta wa seli, Aga2 imeungwa nayo, na wewe unaiunganisha kingamwili kwenye Aga2. Jeni hiyo huwekwa chini ya swichi ya galaktosi: seli zikikua kwenye glukosi, jeni imelala, ukizihamishia kwenye galaktosi jioni, kwa nyuzi joto 20 hadi 30, kesho yake kila seli inayofanya kazi ina nakala 10,000 hadi 100,000 za kingamwili yake usoni. Sehemu ya seli hazionyeshi chochote kwa sababu zimepoteza plasmidi, yaani duara la DNA linalobeba jeni hiyo. Hilo ni la kawaida, lisikutie hofu.

*Antijeni.* Inatakiwa iwe ndani ya kimiminika, iwe na rangi au biotini, na ujue mkolezo wake kwa uhakika. Hapa hamira ni ngumu kuliko faji. Ukiiweka antijeni mkolezo usioujua, unapoteza faida yote utakayoiona hapa chini. Protini za utando zinawezekana zikihifadhiwa vizuri, ila kazi ya kuzihifadhi ndiyo itakayokula muda wako.

*Chanzo cha aina.* Milioni 10 hadi bilioni 1. Kizuizi ni kuingiza DNA ndani ya seli kwa mshtuko wa umeme. Habari njema ni kwamba hamira inajua kushona: ukiipa plasmidi iliyokatwa na vipande vya jeni vyenye ncha zinazofanana nayo, inaviunga yenyewe. Kizuizi cha pili ni kasi. Mashine ya kuchagua seli kwa leza ikipitisha seli 20,000 kwa sekunde, milioni 100 zinachukua takriban dakika 83. Bilioni 1 zinachukua karibu saa 14. Ndiyo maana raundi ya kwanza au mbili hufanywa kwa shanga za sumaku, na leza huingia idadi ikishapungua. Mwaka 2018 timu za Andrew Kruse na Aashish Manglik zilichapisha maktaba ya nanobodi zipatazo milioni 100 kwenye hamira, na kuiweka wazi kwa utafiti usio wa biashara. Nanobodi ni kipande kimoja kidogo kinachotokana na kingamwili za jamii ya ngamia, na kwa kuwa kina mnyororo mmoja tu, hamira hukibeba bila taabu.

*Unachokiona.* Kwa kigezo hiki hamira inalipa kila senti. Unaipa seli rangi mbili. Ya kwanza inashika alama iliyowekwa kwenye kingamwili yenyewe, inakuambia ni nakala ngapi zimefika usoni. Ya pili iko kwenye antijeni, inakuambia ni kiasi gani kimeshikwa. Kwenye skrini, kila seli ni nukta. Nukta zinapanga mstari wa mshazari: zenye kingamwili nyingi hushika antijeni nyingi. Zilizo juu ya mstari huo, yaani zinazoshika zaidi kuliko idadi ya kingamwili zake inavyotarajiwa, ndizo unazozitaka. Unachora mpaka kuzizunguka na kuzikusanya. Faji haikupi hili: hujui kama ilishika kwa sababu kingamwili ni nzuri au kwa sababu ilibeba nakala nyingi.

Lakini kuna hesabu ambayo wanaoanza huiruka. Chukua seli milioni 10, kila moja ikiwa na kingamwili 50,000. Hizo ni kingamwili bilioni 500. Mililita moja ya antijeni kwa mkolezo wa pikomola 10 ina molekuli bilioni 6 tu. Kila molekuli ya antijeni inagombewa na kingamwili zaidi ya 80, kwa hiyo unachokipima ni ugomvi, si mshiko. Ili antijeni iwe mara kumi ya kingamwili ungehitaji zaidi ya robo tatu ya lita. Njia ya kutokea ni kupunguza seli, au kuacha kupima kiasi kinachoshikwa na kupima muda wa kuachia: unazishibisha seli kwa antijeni yenye rangi, unamwaga antijeni isiyo na rangi kwa wingi, unasubiri, kisha unakusanya zilizobaki na rangi. Kwa mbinu hiyo, baada ya mizunguko minne ya mabadiliko na uchujaji, Boder, Midelfort na Wittrup waliripoti mwaka 2000 kingamwili ya kushika rangi ya fluoresini yenye Kd, yaani kipimo cha mshiko, ya femtomola 48 (chini ya pikomola 0.05), iliyokuwa ikihitaji zaidi ya siku 5 kuachia nusu ya antijeni yake. Dari ya panya imepitwa mbali.

Hamira nayo ina walaghai wake. Ukitumia streptavidini yenye rangi raundi baada ya raundi, utaishia na kingamwili za kushika streptavidini. Badilisha kitendanishi kila raundi, na kila mara pitisha mrija mmoja wa seli usio na antijeni. Mrija huo usio na antijeni ndio mimi huutazama kwanza.

*Ubora.* Kingamwili inapitia njia ileile ya kukunja na kukagua protini ambayo seli zenye kiini huitumia, na ile isiyokunjika vizuri hufika usoni kwa uchache. Kazi ya Shusta na wenzake mwaka 1999 ilionyesha kuwa wingi wa kingamwili usoni huendana na uthabiti wake kwenye joto. Unaweza pia kuchuja unataji, yaani kunata ovyo kwenye protini nyingine: zilowekee seli mchanganyiko wa protini za utando zenye rangi, na utupe zote zinazong'aa. Tahadhari ni sukari. Hamira hupachika minyororo ya manosi, tena mirefu, pale inapokuta mfuatano wa amino asidi unaoikaribisha. Mfuatano huo ukiangukia kwenye sehemu inayoshika, matokeo ya kwenye hamira hayatarudiwa utakapohamia seli za mamalia. Soma mfuatano kabla ya kushangilia.

*Muda na vifaa.* Wiki tatu hadi sita kwa timu iliyozoea. Mashine ya leza ni ghali na inahitaji mwendeshaji. Kama ni ya kuazima na zamu ni chache, panga ratiba kwa zamu hizo, usizipangie ratiba yako.

*Inamfaa nani.* Mwenye antijeni safi aliyoipima, anayejua anataka mshiko wa kiwango gani, na anayehitaji kutofautisha protini mbili zinazofanana. Pia mwenye kingamwili dhaifu tayari anayetaka kuiboresha.

Hamira inayojibadilisha

Hamira ya kawaida hukosea karibu besi moja katika kila bilioni 10 inaponakili DNA yake. Kwa kazi ya kuboresha kingamwili, huo ni uaminifu uliopitiliza. Timu ya Chang Liu wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ilijenga mfumo uitwao OrthoRep: plasmidi ya peke yake inayokaa nje ya kiini na kunakiliwa na polimerasi (kimeng'enya cha kunakili DNA) yake yenyewe, ambayo haigusi jenomu. Polimerasi hiyo ikifanywa iwe mzembe, jeni iliyoko kwenye plasmidi hubadilika kwa kasi ya takriban badiliko 1 kwa kila besi 100,000, mara laki moja zaidi ya kawaida, huku seli ikibaki salama. Mwaka 2021 Liu, Kruse na wenzao waliweka jeni za nanobodi humo na kuzionyesha usoni. Mfumo wanauita AHEAD.

*Antijeni.* Masharti ni yaleyale ya hamira ya maktaba, ila unahitaji ya kutosha mizunguko mingi mfululizo, tena ya ubora uleule.

*Chanzo cha aina.* Jeni ya nanobodi ina besi kama 360. Kwa kasi hiyo, seli milioni 100 hupata mabadiliko mapya yapatayo 360,000 katika kila kizazi. Mabadiliko ya besi moja yanayowezekana kwenye jeni hiyo ni 1,080 tu, kwa hiyo yote yanapitiwa, na mengi mara nyingi. Amino asidi inayohitaji besi mbili za kodoni moja (besi tatu zinazotaja amino asidi) zibadilike kwa pamoja inabaki adimu, na polimerasi ina mabadiliko inayoyapenda kuliko mengine. Mfumo unapanda kilima ulichoanzia. Haukurushi kwenye kilima kingine, hivyo mwanzo mzuri bado ni lazima.

*Unachokiona.* Kila kilichosemwa juu ya leza kinahusika. Nyongeza ni kwamba unapunguza mkolezo wa antijeni mzunguko hadi mzunguko na kuangalia kundi zima likipanda.

*Ubora.* Hapa niko makini kuliko kwenye njia nyingine. Mfumo unaobadilika bila kukoma hutafuta njia rahisi, na njia rahisi mara nyingi ni kunata zaidi kwenye kila kitu. Usipochuja unataji katikati ya mizunguko, utazawadia kosa. Ukichuja, unapata kitu ambacho panya hawezi kukupa: mabadiliko endelevu chini ya masharti uliyoyaandika mwenyewe.

*Muda na vifaa.* Waandishi waliripoti nanobodi zenye mshiko mkali kwa muda mfupi kama wiki mbili, zikiwemo za kushika protini S (ile ya miiba) ya kirusi cha SARS-CoV-2. Ni kukuza, kuchuja, kukuza tena, bila kurudi kutengeneza maktaba. Gharama iliyofichika ni mwanzo: unahitaji kupata hamira hiyo maalumu, kuielewa, na kuwa na mashine ya leza karibu, maana mizunguko haisubiri.

*Inamfaa nani.* Mwenye pa kuanzia, anayefanya kazi na nanobodi, na anayekimbizana na lengo linalobadilika, kama kirusi.

Uchague vipi, kulingana na hali yako

Kama huna kingamwili yoyote na antijeni ni chache au haina kipimo cha uhakika, anza na faji. Usianze na hamira kwa sababu tu mashine ya leza ipo.

Kama protini yako ni thabiti, inatofautiana na ya panya, na unahitaji kingamwili kamili za vipimo, mpe panya nafasi. Ukiwa na miezi ya kusubiri, kazi ya mikono itakuwa ndogo kuliko unavyodhani.

Kama protini yako inafanana sana kati ya mamalia, panya wa kawaida aondoke kwenye orodha mapema. Chagua kati ya faji na hamira kwa kuangalia kama unaweza kuitia rangi antijeni bila kuivuruga.

Kama unahitaji kutofautisha protini mbili ndugu, hamira ya maktaba ndiyo ningeitazama kwanza. Unaweza kuziwekea ndugu hizo rangi mbili tofauti kwenye mrija mmoja na kukusanya seli zenye rangi moja tu.

Kama kingamwili ipo lakini mshiko ni wa nanomola mia kadhaa, hamira zote mbili zinafaa. Tofauti ni idadi ya kazi: kwa kingamwili moja, kutengeneza maktaba ya mabadiliko mara moja au mbili ni haraka kuliko kujifunza mfumo mpya. Kwa lengo linalobadilika kila msimu, au nanobodi kumi za kuboresha sambamba, hamira inayojibadilisha inaanza kurudisha gharama yake.

Wengi wenye uzoefu hawachagui moja. Hupitisha raundi moja au mbili kwenye faji ili kutoka mabilioni hadi mamilioni, kisha huhamishia zilizobaki kwenye hamira na kuzipima kwa leza. Wengine huchukua seli B za mnyama aliyechanjwa na kujenga maktaba ya hamira kutoka kwenye jeni zao. Ukiwa na mshirika mwenye mashine usiyokuwa nayo, mgawanyo wa namna hii ni wa kawaida.

Na usichanganye kugundua kingamwili na kuizalisha. Kingamwili nyingi za dawa huzalishwa kwenye seli za mamalia ziitwazo CHO, hata zile zilizogunduliwa kwa faji au hamira, kwa sababu minyororo ya sukari ya hamira haifanani na ya binadamu. Zipo chache zisizofuata hilo: eptinezumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, huzalishwa kwenye hamira aina ya Pichia, na imetengenezwa isiwe na sukari hiyo kabisa. Ukijua mapema utazalishia wapi, hakiki kingamwili zako tano au sita bora kwenye seli hizo kabla ya kuanza mzunguko mwingine wa kuboresha mshiko.